UZI: Mrejesho kwenye amplifaya ya sumaku. Kwa nini ukibadili dayodi tu, mashine nzima inabadilika tabia

#1 Igoma_Volti

Wakuu, heshima kwenu. Karakana moja hapa Nyakato, Mwanza, ina chaja ya kizamani ya betri za 24 V inayoongozwa na amplifaya ya sumaku, yaani koili kwenye viini vya chuma ambamo mkondo mdogo wa DC unaongoza mkondo mkubwa wa AC. Transfoma inatoa 40-0-40 V (ncha mbili za 40 V kila upande wa waya wa kati). Kuna viini viwili vya duara, kila kimoja kina koili ya kazi ya raundi 60 iliyofuatana na rektifaya yake. Koili ya kuongoza ya raundi 1000 imezungushwa juu ya viini vyote viwili kwa pamoja. Juu yake zipo koili mbili ndogo zisizo na maandishi: moja inapitia kapasita ya 1000 µF, nyingine inaingia kwenye rezista kubwa ya waya.

Rektifaya za seleniamu zilichoka, zikatolewa, zikawekwa dayodi za silikoni za 35 A. Baada ya hapo volti zinapanda mpaka 30 na zaidi mzigo ukiwa mdogo, badala ya kutulia 27.0. Mshale wa ampea unaenda na kurudi kama mara moja kwa sekunde. Volyumu ya kurekebisha nayo ina uhai kwenye kipande kidogo tu. Ukiigusa, mashine inaruka kutoka chini kwenda juu.

Saketi ya kulinganisha inayopima volti za kutoka na kulisha koili ya kuongoza, yaani zena na transista zake, imepimwa na ni nzima. Tatizo liko wapi, na hizo koili mbili ndogo ni za nini?

#2 Shaba_na_Chuma

Mkuu Igoma, ulichobadili ni kiasi cha mrejesho, yaani sehemu ya mkondo wa kutoka inayorudi kukisukuma kiini. Dalili zako zote zinaanzia hapo, isipokuwa huenda moja, nitaifikia.

Tuanze na amplifaya isiyo na mrejesho kabisa. Viini viwili, koili ya kazi raundi 200 kwenye kila kimoja, zimeunganishwa mfululizo kwenye AC. Koili ya kuongoza ina raundi 1000 na inapitisha DC. Kanuni yake ni nyepesi: ampea-raundi (ampea mara idadi ya raundi) za upande wa kazi zinalingana na ampea-raundi za kuongoza. Ukiingiza 0.1 A, una ampea-raundi 100, na mzigo utapata wastani wa 0.5 A. Ukuzaji wa mkondo ni 5.

Sasa nyoosha mkondo wa mzigo kwa daraja la dayodi, uupitishe kwenye koili ya tatu inayosukuma upande uleule wa koili ya kuongoza. Huo ndio mrejesho chanya, na hesabu inakuwa hivi:

mkondo wa mzigo = (raundi za kuongoza × mkondo wa kuongoza) ÷ (raundi za kazi − raundi za mrejesho)

Koili ya mrejesho ikiwa na raundi 160, chini panabaki 40, ukuzaji ni 25. Ikiwa 180, ukuzaji ni 50. Ikiwa 190, ni 100. Angalia jinsi mambo yanavyokaza kadiri unavyokaribia 200: ukitoka 190 kwenda 192, raundi mbili tu, ukuzaji unatoka 100 hadi 125. Robo nzima imeongezeka kwa raundi mbili za waya. Kwa hiyo anayewaindi koili hii hatakiwi kukisia. Ahesabu kwa kaunta.

Chaja yako haina koili ya mrejesho ya namna hiyo kwa sababu haihitaji. Dayodi ikifuatana na koili ya kazi, mkondo wa pale unapita upande mmoja tu, na sehemu yake ya DC yenyewe inakisukuma kiini kushiba, yaani kufika kikomo cha sumaku na kuacha kuzuia mkondo. Huo ni mrejesho wa asilimia 100 uliojengwa ndani ya saketi. Kinachoupunguza ni mkondo unaovuja kurudi nyuma kwenye rektifaya. Seleniamu inavuja sana, silikoni karibu haivuji. Mashine ilipangwa ikitegemea uvujaji ule. Ulipouondoa, ukuzaji ukapanda ghafla.

#3 Kirumba_AC

Mkuu Shaba, somo limeingia. Ila kama raundi 190 zinatoa ukuzaji wa 100, kwa nini watu wasifunge 200 moja kwa moja wapate ukuzaji mkubwa kabisa?

#4 Shaba_na_Chuma

Swali zuri, kaka. Kuna gharama tatu.

Ya kwanza ni mwendo. Ucheleweshaji unakua kwa kiasi kilekile cha ukuzaji wa mkondo. Tuseme bila mrejesho mashine inaitikia kwa saiko moja, milisekunde 20 kwa umeme wetu wa 50 Hz. Kwa raundi 180 inakuwa saiko 10, milisekunde 200. Kwa 190 inafika milisekunde 400. Ila hapa ndipo penye faida halisi ya mrejesho, na wengi hawapatumii: ukuzaji wa nguvu unakua kwa kipeo cha pili. Kwa raundi 180 nguvu imekua mara 100, mwendo umepungua mara 10. Ongeza ukinzani wa saketi ya kuongoza mara 10 kwa rezista ya mfululizo, mwendo unarudi saiko moja, na bado ukuzaji wa nguvu ni mara 10 ya ule wa mwanzo.

Ya pili ni mkondo wa bure. Hata bila amri, koili za kazi hunywa mkondo kidogo wa kukipa kiini sumaku. Mrejesho haujui tofauti, unaukuza na huo. Kama ulikuwa 20 mA, kwa raundi 180 mzigo utaona takriban 0.2 A bila kuamriwa. Kazi ya koili ya bayasi ni kuvuta upande wa pili: 20 mA mara raundi 200 ni ampea-raundi 4, hivyo koili ya bayasi ya raundi 100 inahitaji 40 mA kuifuta.

Ya tatu ni kuruka. Mrejesho ukizidi asilimia 100, mchoro wa mkondo unapinda na kurudi nyuma. Mashine inakuwa na hali mbili tu, chini au juu, kama relei. Wapo wanaoijenga hivyo kwa makusudi, kwa ajili ya kuwasha na kuzima. Kwenye chaja ni balaa.

Igoma, dalili ya volyumu kuruka ni hii ya tatu inakukaribia. Dalili ya 30 V ni ya pili: bayasi iliyotosha wakati seleniamu inavuja sasa haitoshi kuzima mashine.

#5 Mwaloni50Hz

Naongezea kwa nini uvujaji wa dayodi unahesabika kama mrejesho hasi, maana si dhahiri.

Kwenye saketi ya 40-0-40, upande mmoja unapofanya kazi, dayodi ya upande wa pili inakaa kinyume chini ya karibu 80 V. Kama kiini chake kinarudishwa nyuma na bayasi (sumaku yake inashushwa kutoka kwenye kushiba), kiini kinajitwalia sehemu ya volti hizo na dayodi inabaki na kidogo. Kama mashine iko juu kabisa, kiini hakirudi, hivyo volti zote zinaangukia dayodi na uvujaji unakuwa mkubwa. Na mkondo huo unapita kwenye raundi 60 kwa upande wa kuondoa sumaku. Kwa kifupi, kadiri mashine inavyotoa zaidi, ndivyo inavyojivuta chini.

Tiba ni kuurudisha uvujaji kwa kipimo. Weka rezista sambamba na kila dayodi, thamani ileile pande zote mbili. Hesabu ya kuanzia: tuseme unataka ampea-raundi 4 mashine ikiwa juu. 4 ÷ 60 ni 67 mA. 80 V ÷ 0.067 A ni karibu 1.2 kΩ. Usianze hapo, anza na 4.7 kΩ, kisha 2.2, kisha 1.2, ukipima kila hatua. Kwa 1.2 kΩ nguvu yake ni kama wati 2.7 kwa kuwa inafanya kazi nusu saiko tu. Weka ya wati 10 ya kauri, uiinue kutoka kwenye bodi.

Dayodi zenyewe ziwe za 400 V au zaidi. Kilele cha kawaida ni 113 V, lakini silikoni haivumilii mishtuko ya volti kama seleniamu ilivyovumilia. Kapasita ya 0.1 µF na rezista ya 100 Ω mfululizo, sambamba na kila dayodi, zinasaidia, na kwa 50 Hz hazivujishi cha kuleta shida.

#6 Igoma_Volti

Asanteni wakuu. Napimaje hatua kwa hatua bila betri kuharibika?

#7 Mwaloni50Hz

Toa betri kabisa. Tumia balbu za lori za 24 V 70 W, nane sambamba. Zinakula kama 23 A, na maduka ya spea pale mjini hazikosekani.

Chomoa waya za koili ya kuongoza kwenye saketi ya kulinganisha. Ilishe kwa betri ya 6 V kupitia volyumu ya 5 kΩ na rezista ya 470 Ω ya usalama, na mita ya miliampea mfululizo. Upande wa balbu weka mita ya mshale yenye koili inayozunguka. Sababu ya kuchagua hiyo: kanuni ya ampea-raundi inafuata wastani, na mita ya mshale inasoma wastani. Mita ya dijitali inayosoma thamani fanisi (RMS) itakudanganya pale mawimbi yanapokuwa yamekatwa.

Panda miliampea moja moja mpaka mashine ishibe, halafu shuka kwa hatua zilezile. Chora kwenye karatasi. Mambo matatu ya kuangalia: mkondo wa chini kabisa, mwinuko wa mstari, na kama njia ya kushuka inafuata ya kupanda. Zikiachana kwa nafasi pana, mrejesho umezidi. Ongeza uvujaji.

Bayasi irekebishwe mwisho. Rezista kubwa ya waya uliyoitaja ndiyo yake. Koili ya kuongoza ikiwa haina mkondo, ongeza bayasi mpaka ampea za mzigo zifike chini kabisa, halafu rudi nyuma kidogo sana. Ukipita hapo unaanza kupanda tena upande wa pili na saketi ya kulinganisha itachanganyikiwa.

#8 Shaba_na_Chuma

Tahadhari kabla hujashika waya. Chaja ya Igoma koili yake ya kuongoza imezunguka viini vyote viwili, kwa hiyo volti za AC zinafutana ndani yake. Zipo mashine ambazo kila kiini kina koili yake ya kuongoza, na mbili hizo zimeunganishwa kinyume. Nje utapima karibu sifuri. Kwenye kiungo cha katikati ni habari nyingine: kwa mfano wangu wa raundi 200, mashine ya 230 V inampa kila kiini 115 V, na koili ya raundi 1000 inazidisha mara 5. Ni 575 V katika kila nusu. Usifungue kiungo hicho umeme ukiwepo, na insuleshoni yake usiifanyie ubahili.

Na kwa anayetaka kujenga kutoka mwanzo: volti ÷ (4.44 × Hz × raundi × tesla), yaani 115 ÷ (4.44 × 50 × 200 × 1.5), inatoa kiini chenye eneo la mkato la sm² 17.3 kwa chuma cha silikoni chenye chembe zilizopangwa upande mmoja. Koili ya kazi ya 5 A ifungwe waya wa SWG (kipimo cha unene wa waya) 16, ya kuongoza SWG 33.

#9 Nyegezi_Weld

Wakuu, mimi nauliza upande wa mashine za kuchomelea. Zile kubwa za zamani zenye transdakta (jina jingine la amplifaya ya sumaku), kuna mafundi huku ufukweni wanashauri ziongezwe dayodi kwenye koili za kazi ili "zipate nguvu". Ni sahihi?

#10 Shaba_na_Chuma

Si sahihi, ndugu, na sababu yake ndiyo kiini cha uzi huu. Mrejesho haubadili ukuzaji peke yake, unabadili aina ya umeme unaotoka.

Rudi kwenye kanuni ya #2. Bila mrejesho, mkondo wa mzigo unapangwa na ampea-raundi za kuongoza. Ukinzani wa mzigo haumo kwenye hesabu. Fito ikigusa chuma, ikainuliwa, ikarudi, mkondo unabaki ulipoamriwa. Hicho ndicho mchomeleaji anachotaka: mkono ukitetemeka, moto hautetemeki.

Ukiweka dayodi mfululizo na koili za kazi, mashine inaacha kushika mkondo, inaanza kushika volti. Kiini sasa kinakata sehemu ya kila nusu saiko na kuachia iliyobaki, mkondo wowote utakaofuata ni juu ya mzigo. Fito ikigusa, mkondo unaruka. Kwa chaja inayotakiwa kushika 27 V, hiyo ni sifa. Kwa kuunga mabati ya boti pale Kirumba, utatoboa.

Kwa hiyo mashine ya fito: acha bila mrejesho, au mrejesho mdogo tu wa koili ya nje kama kiwandani waliuweka. Chaja na virekebisha volti vya jenereta: dayodi mfululizo.

#11 Nyegezi_Weld

Nimekuelewa kabisa mkuu. Na ile koili ya mrejesho ya nje, wengine wanaiwekea rezista sambamba kupunguza nguvu yake. Vipi hilo?

#12 Mwaloni50Hz

Inafanya kazi, ila ina madhara mawili. Chukua koili ya raundi 190 yenye 0.55 Ω. Rezista ya 10 Ω sambamba inaiba kama asilimia 5 ya mkondo, na raundi 190 zinakuwa sawa na 180. Vizuri. Lakini shaba ikipata moto wa nyuzi 50 juu ya mwanzo, ukinzani wake unapanda karibu asilimia 20, unakuwa 0.66 Ω. Rezista haijabadilika, hivyo sasa inaiba asilimia 6.2. Raundi zinakuwa sawa na 178, na ukuzaji umeshuka kwa asilimia 8 hivi. Mashine asubuhi na mashine mchana zinakuwa mbili tofauti.

La pili ni mwendo. Ucheleweshaji unafuata jumla ya raundi² ÷ ukinzani kwa kila koili iliyofungwa kwenye mzunguko wake. Koili ya kuongoza ya raundi 1000 kwenye 100 Ω inatoa 10,000. Koili ya mrejesho na rezista yake inaongeza 190² ÷ 10.55, karibu 3,400. Umeongeza ucheleweshaji kwa theluthi bila kukusudia. Ukiwa unaiwaindi mwenyewe, toa matawi kwenye raundi 170, 180 na 190, uchague tawi. Raundi moja iliyoungua na kugusana na jirani yake nayo ni koili iliyofungwa. Mashine iliyozubaa ghafla, itafute hiyo.

#13 Makoroboi_Elektroniki

Vijana wa kompyuta msidhani haya ni ya makumbusho. Fungua pawasaplai ya kompyuta ya ATX ya muundo wa zamani kidogo, nyingi utakuta 3.3 V inatolewa kwenye waya za 5 V za transfoma kupitia duara dogo lenye raundi chache za waya mnene. Hiyo ni amplifaya ya sumaku. Chipu ya TL431 inapima 3.3 V, inaendesha transista, na transista inakirudisha kiini nyuma kila saiko kupitia dayodi. Kiini kikirudi mbali, kinazuia mwanzo mrefu zaidi wa pigo linalofuata. Mrejesho hasi mtupu.

Ikiungua, usiweke duara lolote ulilolitoa kwenye bodi nyingine. Yale ya njano na nyeupe ni ya unga wa chuma, mchoro wake wa sumaku hauna pembe za mraba, hayashibi kwa mkato. Volti zitapanda kuelekea 5 na bodi mama itaondoka nazo. Na kama 3.3 inatetemeka au pawasaplai inalia, badili kapasita za upande huo kwanza: zikikauka, saketi ya mrejesho inapoteza utulivu.

#14 Shaba_na_Chuma

Umenikumbusha kapasita. Igoma, hapo ndipo mshale wako unapoingia.

Saketi ya kulinganisha ni mrejesho hasi unaozunguka mrejesho chanya wa ndani. Chaja ina ucheleweshaji wake, na mzigo una wake. Vikijumlika, sahihisho linafika limechelewa, linazidisha, linarudi kinyume. Koili ndogo yenye kapasita ya 1000 µF ni ya kutuliza. Volti zikiwa zimetulia haipitishi kitu, kwa hiyo haiharibu 27.0 yako. Zikianza kupanda, kapasita inapitisha mkondo unaovuta kiini chini kabla volti hazijafika mbali. Chaja ya umri huo, kapasita ya maji imekauka. Pima. Mpya iwe ya 63 V, na miunganisho ya koili ya kutuliza isigeuzwe: ikiingia kinyume inakuwa mrejesho chanya na mashine itayumba zaidi ya sasa.

Mambo haya si mapya. Ernst Alexanderson wa General Electric alikuwa anaongoza redio kwa amplifaya ya sumaku miaka ya 1910, na viini vya nikeli na chuma nusu kwa nusu ndivyo vilivyofanya mrejesho mkubwa uwezekane bila kuruka ovyo. Viini hivyo Igoma usivibane kwa nguvu wala kuvigonga. Kiini kikipata msongo, mchoro wake wa sumaku unapoteza pembe na ukuzaji unashuka.

#15 Igoma_Volti

Vipimo hivi hapa. Kapasita ilisoma 140 µF, imebadilishwa. Kwa silikoni tupu, kutoka 2 A hadi 20 A ilihitaji 4 mA za kuongoza, na njia ya kushuka iliachana na ya kupanda kwa 1 mA. Kwa 4.7 kΩ tofauti ilikuwa ndogo. Kwa 1.2 kΩ sasa inahitaji 8 mA na njia mbili zinafuatana. Bayasi imetoka 60 mA hadi 85 mA, mkondo wa chini ni 0.4 A. Betri zimerudishwa: 27.0 V ikiwa na 2 A, 26.7 V ikiwa na 18 A, mshale umetulia.

Swali la mwisho: chaja hii huenda ikapelekwa kisiwani ikalishwe na jenereta ya dizeli. Kuna cha kuangalia?

#16 Mwaloni50Hz

Masafa, mkuu. Jenereta ikilemewa ikashuka hadi 45 Hz huku volti zikibaki palepale, kiini kinabeba sumaku zaidi kwa asilimia 11 na kinashiba mapema bila kuamriwa. Mkondo wa chini utapanda na chaja itashindwa kujizuia betri zikijaa. Funga gavana (kirekebisha mwendo) ya injini isome 51 hadi 52 Hz bila mzigo, na bayasi ilishwe kutoka kwenye zena, isichukuliwe moja kwa moja kwenye laini. Ukifika kule rudia kipimo cha mkondo wa chini mzigo mkubwa wa kisiwa ukiwa umewashwa. Ukizidi 1 A, ongeza bayasi miliampea tano tano.